Mgonjwa Aliye Mzazi: Amana Iliyo Mikononi mwa Tabibu

Suala tulitakalo kulizungumza leo ni moja katika yale ambayo watu wengi hawayahisabu kuwa ni mambo ya dini wala ya tabia njema, bali huyadhani kuwa ni mambo ya hospitali tu, na kwamba wenyewe wa hospitali watayamaliza. Nalo ni hili. Mtu ana maradhi ya kudumu, yale yasiyopona wala yasiyoua kwa haraka, naye ana watoto wadogo nyumbani wanaomtegemea. Amekwenda kwa tabibu, amepimwa, ameandikiwa dawa, na amepewa tarehe ya kurudi. Je, tabibu huyo amemaliza wajibu wake? Au yuko na deni jingine kwa mgonjwa huyu, kwa kuwa mgonjwa huyu ni baba au ni mama wa mtu?

Sisi twasema deni liko. Twasema kuwa anayemtibu mzazi ameshika amana ya nyumba nzima, apende asipende, na kuwa hawezi kuutibu sawasawa mwili wa mzazi ilhali hakutaka kujua habari za watoto wake. Na twasema pia, kwani si insafu kumlaumu tabibu peke yake, kuwa desturi ya kuficha iliyoenea katika miji yetu imemfungia tabibu mlango asiyafikie hayo hata akitaka.

Yafaa kwanza tujue kwa nini jambo hili limekuwa zito katika zama zetu. Maradhi waliyoyazoea wazee wetu yalikuwa zaidi ya namna mbili: yale ya kuja na kwenda, kama homa, na yale ya kuja yakaondoka na mtu. Ama leo, katika kila mtaa wa miji yetu, Mombasa na Lamu na Malindi na kwengineko, hukosi nyumba yenye mtu wa kisukari, au wa presha, au wa figo, au wa pumu, au wa kifafa, au aliyezaliwa na seli mundu. Watu hawa huishi na maradhi yao miaka kumi, ishirini, thelathini. Na katika miaka hiyo huoa na huolewa, huzaa na hulea. Tukichukua kisukari, ile aina ambayo mwili hauwezi kabisa kujifanyia insulini, mtu aliyepatwa nayo kabla ya mwaka wa 1922 hakuwa na matarajio ya kuishi hata awalee wanawe. Katika mwaka wa 1921 wataalamu wa Toronto, Frederick Banting na Charles Best na wenzao, waliipata dawa hiyo ya insulini, na Januari 1922 akadungwa mgonjwa wa kwanza, kijana wa miaka 14. Tangu hapo mwenye maradhi haya akaweza kuwa baba na kuwa mama.

Hii ni neema kubwa ya Mwenyezi Mungu juu ya waja wake. Lakini itazameni vyema: elimu ya utabibu imetupa wazazi ambao zamani wangekuwa makaburini, na mwendo wa hospitali zetu umebaki ule ule wa kumtibu mtu wa homa, ajaye leo na kwenda zake kesho. Mtu wa homa huhitaji dawa tu. Mtu atakayekaa na maradhi yake miaka thelathini huhitaji kufundishwa namna ya kuishi, na hakuna aishiye peke yake.

Tuchukue mfano wa mama mwenye kisukari, mwenye watoto wanne, mumewe ni mtu wa kibarua. Ameambiwa ajidunge sindano mara mbili kwa siku, apime sukari kwa mashine yenye vijikaratasi vinavyonunuliwa kwa pesa, asichelewe kula, aipumzishe miguu na kuitazama kila usiku kama ina jeraha, na afike kliniki Jumanne saa moja ya asubuhi. Maneno yote haya ni kweli na ni elimu. Lakini saa moja ya asubuhi ndiyo saa ya kuwavisha watoto na kuwapeleka shuleni. Chakula cha nyumba yake huliwa katika sinia moja, na yeye ndiye wa mwisho kutia mkono, naye hula kilichobaki. Insulini yataka mahali pa baridi, na nyumbani hakuna friji; wala hakuambiwa kuwa kuna njia ya kuihifadhi katika chombo cha udongo kilichotiwa ubaridi kwa maji, njia ambayo watu wa nchi za joto wameitumia. Na pesa za vijikaratasi ndizo pesa za karo. Ikifika Jumanne, sukari yake yapimwa na kuonekana imepanda, naye aulizwa kwa ukali mbele ya wagonjwa wenziwe: mbona huyafuati uliyoambiwa? Huandikwa katika faili yake kuwa ni mgonjwa asiyefuata masharti.

Sisi twasema mama huyu hakukaidi. Aliwekewa mizani mkononi, upande huu afya yake na upande huu mwanawe, naye akachagua kama wachaguavyo akina mama. Kosa halikuwa katika kuchagua kwake, bali ni kule kuachwa achague peke yake, bila ya mtu kumwambia kuwa mizani yenyewe haikuwekwa sawa. Kwani mtoto anayelipiwa karo kwa pesa za dawa ya mamake huenda akamaliza shule akiwa yatima. Lau muuguzi angalimuuliza neno moja, "Mama, nyumbani una watoto wangapi, na nani hukusaidia?", huenda angalimbadilishia saa ya kuja, au angalimpangia sindano zake kwa mujibu wa nyumba yake ilivyo, au angalimwita mumewe aje asikie. Neno hilo halitaki mashine wala fedha.

Tena kuuliza huku si uzushi wa watu wa leo. Katika mwaka wa 10 wa Hijra, wakati wa Hija ya kuaga, Saad bin Abi Waqqas (R.A.) alipatwa na ugonjwa mkali huko Makka hata akajiona yu karibu ya kufa. Mtume (S.A.W.) akaenda kumzuru. Imepokewa na Bukhari na Muslim kuwa Saad alimweleza kwamba yeye ni mtu mwenye mali, na hana wa kumrithi ila binti mmoja, akamtaka shauri kuhusu kuitoa sadaka sehemu kubwa ya mali yake. Mtume akamkataza thuluthi mbili, akamkataza nusu, akamruhusu thuluthi na akamwambia kuwa hata hiyo ni nyingi, akimfahamisha kuwa kuwaacha warithi wake wakiwa na cha kuwatosha ni bora kuliko kuwaacha wakinyoosha mikono kwa watu.

Watu wengi huisoma hadithi hii katika mlango wa wasia, wakajua hukumu ya thuluthi, wakafunga kitabu. Sisi twaomba isomwe pia katika mlango wa kuzuru wagonjwa. Mtume aliingia kwa mgonjwa, na mazungumzo yakafika kwa mtoto. Hakumwambia Saad, wewe sasa ni mgonjwa, shughulika na nafsi yako na mambo ya binti yako yaache. Wala hakumtia khofu ya kifo, bali alimpa tamaa kuwa huenda akabakia na watu wakanufaika naye. Na Saad alibakia. Aliishi zaidi ya miaka arubaini baada ya siku ile, akaliongoza jeshi la Waislamu katika vita vya Qadisiyya, akazaa watoto wengine. Na miongoni mwa walioipokea hadithi hii kutoka kwake ni mwanawe Amir, ambaye siku ile ya ugonjwa alikuwa hajazaliwa. Basi haya ndiyo mazungumzo ampasayo mgonjwa aliye mzazi: yamfikirie mwanawe pasi na kumzika yeye kabla ya siku yake.

Wako watakaosema kuwa tabibu si kadhi wala si jamaa, na kuwa mambo ya nyumba ya mtu ni sitara yake. Neno hili lina haki ndani yake. Si ruhusa kwa tabibu wala muuguzi kuifichua siri ya mgonjwa, hata kwa mkewe au mumewe au wanawe, bila ya idhini yake. Hiyo ni khiyana katika dini, na Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka wa 2017 yaikataza pia. Lakini kuuliza si kufichua. Atakaye kuficha na afiche, ni haki yake. Sisi twamzungumza yule ambaye hakuulizwa kabisa, naye anatamani kuulizwa, na hajui kwamba yafaa kuyasema hayo mbele ya daktari.

Wengine watasema kuwa foleni ni ndefu, daktari ni mmoja na nje wangojea watu sitini. Hili nalo ni kweli, na atakayelikanusha hajapata kuketi katika mabao yale toka alfajiri. Hatutaki kumtwika daktari mzigo wa ulimwengu. Lakini mgonjwa wa kudumu haonekani mara moja. Huonekana kila mwezi au kila miezi mitatu, miaka kwa miaka. Ikiwa suala moja haliwezekani leo, laweza kuulizwa mwezi ujao. Na jawabu likiandikwa katika faili mara moja, halihitaji kuulizwa tena na kila mgeni anayeingia zamu.

Na ili tusidhaniwe kuwa twataka lisilowezekana, natutazame nchi ya Norwei. Tangu tarehe 1 Januari 2010 sheria yao imewawajibisha wahudumu wa afya wamtibupo mtu mwenye maradhi mazito ya mwili, au ya akili, au aliyetekwa na ulevi, wajue kama ana watoto wadogo, na wasaidie watoto hao wapate kufahamishwa na kuangaliwa kwa kadiri ya haja yao. Na kila hospitali yao yapasa iwe na watu waliowekwa khasa kwa jambo hili. Nchi ya Uswidi nayo ikatia katika sheria yake jambo la mfano huo mwaka huo huo. Hawa si Waislamu, na nchi zao ni tajiri, hilo twalijua. Lakini la msingi walilolifanya halikuwa la utajiri: waliitambua haki ya mtoto wa mgonjwa, wakaiandika. Sisi tulio na hadithi ya Saad vitabuni mwetu kwa zaidi ya miaka elfu, tumeiandika wapi?

Hapa kwetu sheria ile ya 2017 yamtaka mhudumu wa afya amweleze mgonjwa habari ya maradhi yake, kila iwezekanapo, kwa lugha anayoifahamu na kwa kadiri ya elimu yake. Hili ni jambo jema, na laiti lingalitendwa kila mahali. Tena kuna ajabu moja ambayo hatukosi kuitaja. Bima ya afya ya SHA, iliyoshika mahali pa NHIF Oktoba 2024, humhisabu asiye na mshahara kwa nyumba yake: mchango hutazamwa kwa pato la nyumba. Basi wakati wa kutoa fedha sisi ni nyumba, na wakati wa kutibiwa kila mmoja wetu ni ini lake na figo zake.

Sasa tuje kwa upande wetu, nao ndio mchungu zaidi. Wazazi wengi wa miji yetu huwaficha watoto wao maradhi. Dawa huwekwa chini ya godoro. Safari ya kliniki huitwa safari ya sokoni. Akiulizwa mama na mwanawe mbona umelala mchana, husema nimechoka tu. Na watu husifu, husema: fulani ana subira, hata wanawe hawajui kama anaumwa.

Hii si subira tuliyofundishwa. Nabii Ayubu (A.S.) ndiye mfano wa subira kwa kila Mwislamu, na Qurani yatueleza kuwa alimwita Mola wake akasema kuwa yamempata madhara. Nabii Yaakubu (A.S.) alihuzunika hata macho yake yakageuka meupe, na wanawe wakimwona na kumsemeza, alisema wazi kuwa mashtaka yake ayapeleka kwa Mwenyezi Mungu, lakini hakuwaambia wanawe kuwa macho yake hayana kitu. Subira ni kutomnung'unikia Mola na kutokata tamaa na rehema yake. Kuyafanya maradhi siri mbele ya watu wa nyumba yako mwenyewe ni jambo jingine, na mara nyingi chanzo chake ni aibu, au ni khofu ya kuharibiwa posa za mabinti.

Tazameni madhara yake. Mtoto asiyeambiwa hakosi kujua. Hujua nusu, na ile nusu ya pili huijaza kwa khofu yake. Huona mama amekonda akadhani anakufa. Huona baba amekuwa mkali akadhani ni yeye aliyemkosea. Na mwezi wa Ramadhani ukifika ndipo mambo huharibika zaidi. Mama ameambiwa na daktari asifunge. Qurani imempa mgonjwa ruhusa kwa maneno ya wazi, na katika madhehebu yetu ya Imam Shafii mgonjwa asiyetarajiwa kupona hutoa kibaba cha chakula kwa kila siku. Lakini kwa kuwa wanawe hawajui, hula kwa kujificha jikoni kama mwizi. Siku moja mtoto wa miaka tisa huingia ghafula akamkuta anatafuna. Mtoto huyu amefundishwa chuoni kuwa mwenye kula mchana wa Ramadhani pasi na udhuru ni mwenye dhambi kubwa. Afikiri nini juu ya mamake? Na wako akina mama ambao kwa kuikimbia fedheha hiyo hufunga kwa nguvu, sukari ikashuka saa kumi za jioni, wakaanguka.

Hapa ndipo msaada wa tabibu ungefaa zaidi ya dawa. Shirikisho la kimataifa la kisukari pamoja na umoja wa madaktari wanaoshughulika na kisukari na Ramadhani wametoa mwongozo, uliotengenezwa upya mwaka wa 2021, unaotaka mgonjwa aonane na daktari wiki sita hadi nane kabla ya mwezi mtukufu, atazamwe kadiri ya khatari yake, na ajue kuwa kupima sukari kwa kujitoboa kidole hakubatilishi saumu, na kuwa sukari ikishuka chini ya 3.9 yampasa afungue pale pale. Muuguzi mwenye busara angeongeza neno moja: na wanao waambie. Akiona mama hajui pa kuanzia, amsaidie kutafuta maneno, kwani kumwambia mtoto wa miaka sita si sawa na kumwambia wa miaka kumi na minne. Mdogo yamtosha kujua kwamba mama ana maradhi yaitwayo kisukari, kwamba si yeye aliyeyaleta, kwamba hayaambukizi, na kwamba kuna watu wanaomtibu. Mkubwa atauliza kama mama atakufa. Asidanganywe, wala asitishwe. Aelezwe kuwa umri u mkononi mwa Mwenyezi Mungu na kuwa mama anatumia dawa ili aishi.

Na liko la kumfundisha ambalo laweza kuokoa roho. Mtu wa kisukari anayedungwa sindano akitetemeka, akitokwa na jasho la baridi, akisema maneno yasiyopangika, yamkini sukari imemshuka. Na apewe upesi maji ya sukari, au juisi, au kitu kingine kitamu maadamu anaweza kumeza. Akiwa amezimia asitiwe kitu chochote mdomoni, bali waitwe watu wazima na apelekwe hospitali. Mtoto wa miaka minane aweza kuyahifadhi haya kama ahifadhivyo sura fupi. Na mtoto aliyefichwa atafanya nini siku hiyo? Atakimbia kwa jirani akisema mama amepagawa, na jirani naye, kwa bahati mbaya, twajua atamwita nani.

Na kwa kuwa tumelifikia hilo hatulipiti kimya. Hatujasahau kuwa wako miongoni mwetu wanaosema kisukari ni kijicho, na kifafa ni pepo, wakamwachisha mgonjwa dawa na kumshughulisha kwa makombe na ubani. Na siku hizi wako wengine, wauzao chupa kwa njia ya simu, wakiitaja hadithi ya habasoda na kudai kuwa chupa yao yaondoa kisukari kwa siku arubaini. Habasoda tunaiamini kwa kuwa Mtume ameisifu. Wauzaji hawa hatuwaamini. Ni Mtume huyo huyo aliyewaamrisha watu kujitibu, na aliyefundisha kuwa mwenye kujitia utabibu hali hajulikani kuwa na elimu yake huwa ni mdhamini wa madhara atakayoyaleta. Mwenye kisukari cha aina ile isiyofanya insulini akiacha sindano zake huweza kufa katika muda wa siku chache. Atakayemwachisha mama wa watoto wanne sindano zake na ajue kuwa deni lake si la mtu mmoja.

Ama akina baba, wao wana tabia yao. Mwanamume wa kwetu huona kuugua ni kupungukiwa. Mvuvi au mchukuzi aliyepata jeraha la mguu kwa kisukari huendelea kuvaa kiatu chake na kwenda kazini hata mguu ukaoza, kwani akilala nani atalisha nyumba? Huyu akifika hospitali na kuambiwa "pumzika mguu huu miezi miwili", ameambiwa neno la kweli lisilowezekana. Hospitali nyingi kubwa zina maafisa wa ustawi wa jamii, ambao kazi yao ni kutazama mambo kama haya. Lakini mgonjwa hawajui, na daktari asipompeleka, hawezi kufika kwao. Na hapa pia ndipo mahali pa zaka na sadaka zetu. Wako watu ambao kila mwaka hununua kadhaa wa kadhaa kwa ajili ya futari za watu walioshiba. Masikini anayekosa vijikaratasi vya kupimia sukari hayumo katika hisabu yao, na hali yumo katika Aya ya zaka tangu ilipoteremka.

Tumeliacha mwisho lile lituumizalo zaidi, nalo ni la binti mkubwa. Katika nyumba ambayo mama ana maradhi ya kudumu, mara nyingi hakuna tangazo wala mkutano; siku moja tu binti wa miaka kumi na miwili hukosa shule kwa kuwa mama ameamka vibaya. Wiki ya pili hukosa siku mbili. Ndiye apikaye, ndiye aoshaye wadogo zake, ndiye ashikaye sindano. Ikiwa ni maradhi ya figo na mama husafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa wiki, kila mara kiasi cha saa nne mbali na muda wa njiani, basi siku hizo mbili binti ndiye mama. Baada ya mwaka, shule imekwisha, na chuo kimekwisha, na watu wamsifu kuwa ni mtoto mwema. Naye ni mwema kweli. Kumtumikia mzazi ni katika amali bora kabisa, na hatusemi neno litakalomwondolea mtoto thawabu hiyo. Lakini wema wake si hoja ya kumla elimu yake. Mtume alithibitisha neno la Salman (R.A.) alipomwambia Abu Dardai kuwa Mola ana haki, na nafsi ina haki, na watu wa nyumbani wana haki, basi kila mwenye haki apewe haki yake. Na binti huyu ni katika wenye haki, ingawa hana ulimi wa kuidai. Mbona shughuli hii haimfikii kaka yake wa miaka kumi na mitano aketiye barazani? Mbona hawaingii mashangazi na makhalati kwa zamu?

Muuguzi aliyemwona binti huyu akimshika mamake mkono kliniki kila mwezi, siku ya shule, amewahi kumuuliza: wewe husomi leo? Pengine hakuna mwengine mtu mzima, nje ya nyumba ile, ambaye ameiona dalili hii kwa macho yake. Mwalimu huona tu kuwa kiti ki kitupu, na maalimu wa chuo huambiwa kuwa binti ana udhuru. Aliye na habari zote mbili, ya mama na ya mtoto, ni huyu wa kliniki.

Septemba 2023 Serikali iliwatoa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 kwa nchi nzima, wakapewa mikoba yenye vifaa, pamoja na mashine za kupimia presha na sukari, wapite nyumba kwa nyumba. Hawa huingia hadi uani, wakaona sinia na mtungi na godoro, na mtoto aliye nyumbani saa nne za asubuhi. Wengi wao ni wake zetu na dada zetu wa mtaa huu huu, na malipo yao ni madogo. Twawaomba waingiapo katika nyumba yenye mzazi mgonjwa, baada ya kupima na kuandika, waulize habari za watoto, na walilolipata walirudishe kliniki kwa idhini ya mwenyewe. Na vijana wetu wanaosoma katika vyuo vya utabibu vya Mombasa, Msambweni na Kilifi, ambao baadhi yao hufika katika darasa letu baada ya Isha, twawaomba jambo jepesi kuliko hilo: katika karatasi ya kumpokelea mgonjwa, pale panapoandikwa jina na umri na mtaa, waongeze mstari mmoja wa idadi ya watoto na nani huwatazama mzazi akiwa kitandani. Aliyekwisha kuanza kufanya hivyo katika wodi yake na aje atueleze alichokiona, nasi tutakiandika katika waraka ujao.